Nilivyoiga ofisi ya kuandikisha makuruta kwenye kompyuta

Ushauri niliopewa mwanzoni wa kukadiria tija ya ofisi bado unaniudhi: chukua wastani wa mikataba ya kujiunga na jeshi kwa mwandikishaji mmoja, zidisha kwa idadi yao, basi. Kana kwamba vijana mtaani huongezeka ofisi ikiongeza viti!

Nilitumia lugha ya programu ya Python na SimPy, maktaba yake ya kuiga foleni na matukio, vyote vya bure. Mfano wangu ni Jeshi la Nchi Kavu la Marekani: kijana anapigiwa simu, anahojiwa, anafanya ASVAB, mtihani wa kujiunga na jeshi, anapimwa afya MEPS, yaani kituo cha kuwapokea waombaji wa jeshi, anasaini, kisha anasubiri tarehe ya mafunzo. Kwa njia ya kawaida, mwenye alama ya AFQT (inayotokana na sehemu za ASVAB) chini ya 31 anaishia hapo.

Kazi yenyewe iko kwenye saa za mwandikishaji. Anayepiga simu ndiye huyohuyo anayejaza makaratasi, ndiye anayeshughulikia safari ya MEPS. Nikapanga vipaumbele: MEPS 0, mahojiano 1, makaratasi 2, simu 3. Kwa SimPy namba ndogo ndiyo inayotangulia; ukizigeuza, mwandikishaji wako atapiga simu mpaka kiama, na programu haitalalamika. Kila mwombaji nilimwekea pia kikomo cha subira, kikipita anaondoka zake. Bila kikomo hicho, foleni inajaa watu wasiochoka na tija inapendeza kupita kiasi. Kikiwepo, wimbi linajitokeza: simu nyingi wiki hii huzaa makaratasi wiki ijayo, simu zinasimama, na baadaye mikataba inapungua.

Sasa ujanja ninaojivunia. Kulinganisha waandikishaji 3 na 4, watu husema tumia mbegu ileile ya namba za nasibu, yaani namba ya kuanzia inayorudisha mfuatano uleule. Haitoshi. Mwandikishaji wa nne anavuruga mpangilio wa matukio, namba zinachotwa kwa zamu nyingine, na vijana wanageuka kuwa watu wengine kabisa. Mimi natengeneza orodha ya vijana wote kabla ya saa kuanza kwenda, kila mmoja na alama zake, afya yake na subira yake. Ofisi zote mbili zinachota humo, na aliyekwisha kuchukuliwa hachukuliwi tena. Hapo mchango wa yule wa nne unaonekana wazi, na mara nyingi ni mdogo kuliko wastani wa wale watatu.

Tupa matokeo ya miezi 12 ya kwanza, maana kusubiri mafunzo kunaweza kufika siku 365 na ofisi ilianza tupu. Tija ihesabiwe siku kuruta anaporipoti mafunzoni: wapo wanaosaini kisha wakabadili nia, na saa zao zimeshaliwa.