Shotigani ya geji 20 kwa sahani na kwa hua: nilivyoichagua

Nilitaka bunduki moja tu, ya kuvunjia sahani za udongo zinazorushwa hewani Jumamosi kiwanjani na ya kuingia nayo shambani Septemba, msimu wa hua unapofunguliwa hapa Texas. Mume wangu ana geji 12. Ni bunduki nzuri, ila kwa mwili wangu ni ndefu na nzito, na raundi ya pili ikianza bega langu huwa limeshachoka kupigwa teke na kitako kila ninapovuta. Bega likiogopa, jicho hufumba kabla kidole hakijavuta, na sahani inapita nzima hata ulenge vipi.

Kwa asiyezoea mambo haya, hesabu ya geji huenda kinyume: namba ikipanda, mtutu unapungua. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe iwe goroli kumi na mbili zinazolingana. Goroli moja ndiyo upana wa mtutu wa geji 12. Ukiigawa mara ishirini unapata geji 20. Kwa vipimo vya leo, geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 20 ni 15.6, geji 28 ni 14. Ile ya .410 haimo katika hesabu hiyo; namba yake ni upana wa mtutu wenyewe kwa inchi.

Neno nililolisikia kila nilipouliza ni kwamba geji ndogo haina nguvu. Sikubaliani nalo. Shotigani hutoa marisau, yaani vichembe vingi kwa mpigo mmoja, na namba yake ni ukubwa wa chembe. Chembe ya marisau ya namba 8 ni ileile, na hutoka kwa mwendo unaokaribiana, kama mita 365 kwa sekunde, iwe imetoka geji 12 au geji 28. Kinachopungua ni idadi. Wakia moja ya namba 8 ina chembe kama 410. Risasi ya kawaida ya geji 20 hubeba wakia moja kasoro thumuni, yaani chembe 360 hivi. Geji 28 hubeba robo tatu ya wakia, zaidi kidogo ya chembe 300, na .410 nusu wakia, kama 200. Chembe zikiwa chache, wingu lake huanza mapema kuwa na mapengo ambayo ndege au sahani hupenya. Kwa hiyo swali nililojiuliza lilikuwa: mimi napiga umbali gani?

Mchezo ninaoupenda ni skiti. Sahani hutoka kwenye vibanda viwili, kimoja cha juu na kimoja cha chini, nawe unazunguka vituo vinane mpaka utimize sahani 25. Kwenye vituo vya katikati sahani hukatiza mbele yako kwa umbali wa kama mita 19. Wawindaji wa Andover, Massachusetts, ndio walioubuni miaka ya 1920, wakitaka mazoezi ya kupiga ndege, na mpaka leo mashindano yake Marekani yana vitengo vya geji 12, 20, 28 na .410. Makao ya chama cha mchezo huo yako San Antonio, mji ninaoishi, kwa hiyo haikuwa taabu kupata watu wa kuniazima kila geji nijaribu. Kama ningekuwa mtu wa trapu, ambako sahani hukimbia kwenda mbele na kupigwa mita thelathini na zaidi, ningevumilia geji 12 na kutafuta mto mzuri wa kitako.

Geji 28 ilinivutia sana. Ya kwanza kuazimwa ilikuwa na kilo 2.6 hivi, ikipanda begani bila kujulikana. Lakini bunduki nyepesi, kama inavyoanza kutembea kwa urahisi, ndivyo inavyosimama kwa urahisi. Mkono ukisita kidogo nayo inasita, marisau yanapita nyuma ya sahani. Geji 20 ya karibu kilo tatu, mitutu yake miwili imepandana na ina urefu wa inchi 30, iliendelea kutembea hata baada ya kuvuta. Hapo ndipo nilipoona uzito una kazi yake, na nikaacha kutafuta bunduki nyepesi kuliko zote dukani.

Hata teke linategemea uzito. Ziko geji 20 za kilo mbili na nusu ambazo ukizitia risasi ya wakia nzima zitakuumiza kuliko geji 12 nzito yenye risasi laini. Mwanamke akiambiwa na muuzaji, "Chukua hii, ni nyepesi, itakufaa," ajiulize kwanza atapiga risasi ngapi kwa siku. Kwa kutembea kutwa porini na kupiga mara chache, nyepesi ni sawa. Kwa sahani mia moja, hapana. Tena iangaliwe bodi, ile sehemu ya chuma ya katikati inayoshika mitutu na kifyatuo: kuna geji 20 zilizojengwa juu ya bodi ya geji 12, nene mkononi na nzito katikati, hata faida ya geji ndogo ikapotea. Mimi nilitaka bodi iliyotengenezwa kwa kipimo cha geji 20 yenyewe.

Mzee mmoja wa kutoka Moshi, tunayesali naye, alinishauri, "Mama, ukishapata yako, binti naye mchukulie ile .410, ndogondogo." Nilimshukuru lakini sikuifuata. Chembe 200 hazimsamehei anayejifunza. Atakosa sana na kukata tamaa. Binti yangu anatumia geji 20 yangu na risasi hafifu.

Dukani nilifanya jaribio moja kwa kila bunduki, baada ya kuhakikisha haina kitu: nilifumba macho, nikaipandisha begani, nikafumbua. Jicho lilipaswa kujikuta limelala juu ya mtutu bila shingo kujisogeza. Niliyoichukua ilikaribia, na fundi akapunguza kitako kidogo ikakaa. Fomu za serikali kuu na ukaguzi wa rekodi vilimalizika papo hapo, kwani nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida sheria inamkataza kumiliki hata risasi, isipokuwa akiwa na leseni halali ya uwindaji au ruhusa nyingine chache zilizotajwa. Asiguse kabla hajapata uhakika.

Shambani, pembeni mwa alizeti iliyokauka, geji 20 imenitosha kabisa. Natumia namba 8 au 7½. Mtutu wa chini, unaopiga kwanza, nauacha wazi, na wa juu nautia kibano zaidi, yaani mdomo wa mtutu unabanwa ili marisau yasitawanyike mapema, kwa ndege anayeondoka. Ruhusa ni hua 15 kwa siku, nami wale wa zaidi ya mita 35 nawaacha wapite, kwa sababu ndege aliyejeruhiwa akapotelea vichakani ananisumbua roho kuliko mfuko mtupu.

Nyumba yenye geji 12 na geji 20 ina hatari yake. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwenye geji 12 huteleza mbele ikakwama ndani ya mtutu; chumba cha kutilia risasi kinaonekana kitupu, mtu anaongeza ya geji 12, na akivuta mtutu unapasuka usoni pake. Ndiyo maana Marekani maganda ya geji 20 hufanywa ya njano. Sisi tuna mikoba tofauti, makabati tofauti, na mifuko ya koti hukung'utwa kabla ya kubadilisha bunduki. Binti nilimfundisha hilo kabla ya kumfundisha kulenga.

Kilichomalizia uamuzi ni bei. Wiki ya ufunguzi wa msimu, maduka ya miji midogo huku kusini yana geji 12 na 20 zimepangwa hadi mlangoni, lakini 28 mara nyingi ni ya kuagiza, na boksi lake ni ghali zaidi ingawa lina marisau machache. Nikijaliwa fedha ya bunduki ya pili nitachukua geji 28 nyepesi, kwa ajili ya kware wa majira ya baridi, ambako mtu hutembea maili nyingi na kupiga mara chache.