Usije

Ijumaa imepita, Jumapili imepita, leo Jumanne usiku na neno moja la Baba bado linanizunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa chumbani. Wiki hii mwenye nyumba kapandisha kodi, mdogo wangu kaposwa, na mkuu wa shule kanibandika madarasa mawili zaidi ya Kiswahili ya S.3, yaani kidato cha tatu. Hayo nitayaandika siku nyingine. Au nisiyaandike.

Baba kapasuliwa jicho. Mtoto wa jicho ametolewa salama, ila Baba amekatazwa kuinama, kubeba ndoo na kuikodolea televisheni. Mzee aliyenyimwa mpira wake hukaa barazani akihesabu vijiko vya sukari kwenye chai za wenzake. Mama akanipigia: "Njoo umchukue, au uje umnyamazishe."

Nikapanda taksi ya Bombo, mji wao kaskazini mwa Kampala, na simu iliyojaa michezo ya kusikiliza. Mnajua ugonjwa wangu: yule Daktari wa Waingereza, wa kipindi cha Doctor Who, anayesafiri kwenye wakati ndani ya kibanda cha polisi cha buluu. Nikaiweka simu ndani ya bakuli la bati, sauti ikatoka nene, nikawa naisimamisha kila baada ya dakika mbili nimtafsirie Baba. Kiingereza anakijua, lakini hicho cha London kinakimbia.

"Daktari wa nini?"

"Hajawahi kusema, Baba."

"Basi mganga huyo."

Ilibidi nianze mbali. Kwamba mwishoni mwa 1964, kwenye televisheni, Daktari alimwacha mjukuu wake Susan hapa duniani, dunia iliyokuwa imetoka kuvamiwa na Madaleki, viumbe waliojificha ndani ya mitungi ya chuma. Alimfungia mlango wa kibanda kwa ndani, binti akabaki nje na kijana aliyempenda.

"Mjukuu wake mwenyewe? Kamfungia mlango?"

"Ili aolewe, Baba."

"Kuolewa ni kuolewa, mlango ni mlango."

Mchezo tuliousikiliza ni wa 2009, wa kampuni ya Big Finish. Imepita miaka 30 tangu uvamizi, chakula hakitoshi, na vijana wanakimbilia chama kinachowachukia wageni wote wa angani. Hapo ndipo Daktari anaporudi, na sura nyingine kabisa, maana yeye hubadilika mwili badala ya kufa. Susan ni Carole Ann Ford yule yule wa 1963, kipindi kilipoanza. Mwanawe, Alex, anachezwa na Jake McGann, mtoto wa kuzaa wa Paul McGann anayemcheza Daktari. Hilo Baba alilipenda sana. "Kwa hiyo hawaigizi, wanaongea tu."

Tulibishana pia juu ya ukelele wa Madaleki. Nilisema "Angamiza!" Baba akatikisa kichwa: angamiza ni la vitabuni, mwenye bunduki hana muda nalo. "Sema 'Maliza.'" Nikasema maliza. Na kishindo cha bomu kiliposikika ndani ya bakuli, akasema hiyo ngoma tu, saba-saba, yale maroketi ya jeshi la Tanzania, ilikuwa unaisikia tumboni kwanza, masikioni baadaye.

Sasa ndipo tufike kwenye neno lenyewe. Nilikuwa nimesimamisha, Mama anasuka kawa pembeni, utepe wa zambarau mdomoni. Baba akauliza, "Mashine yao hiyo, ungepewa wewe, ungekwenda wapi?"

Nikajibu bila kufikiri, kwa mzaha: "Ningekuja hapa hapa Bombo, mwezi wa nne 1979, nikuone una miaka 17 na nywele kichwa kizima."

Mama akacheka hadi utepe ukadondoka. Baba hakucheka. Akagusa plasta ya jicho.

"Usije."

Kisha: "Haya, washa."

Nikawasha. Nusu saa iliyofuata sikusikia kitu.

Mwaka ule naujua kwa sentensi tano, ndizo alizonipa maisha yangu yote. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, utawala wa Idi Amin ukaisha. Kule mjini walishangilia wakombozi. Sisi Wanubi wa Bombo, uzao wa askari wa Sudan, tuliohesabiwa watu wa Amin, tulifunga godoro moja na redio, tukashika njia ya Karuma, Arua, hadi Sudan. Haboba, yaani bibi, alizikwa huko. Baba alirudi na ndevu. Basi. (Katiba ya 1995 imetuandika kati ya makabila ya Uganda, lakini bado kuna abiria wa taksi atakayeniuliza "kwenu hasa" ni wapi.)

Alisemaje, lakini? Mvua ikinyesha hunipigia simu na kusema "usije, barabara mbaya," kwa sauti ile ile. Labda ndiyo hiyo: barabara mbaya. Labda hakutaka nimwone alivyokuwa, au alichofanya, au alichofanyiwa. Halafu usiku wa Jumamosi, katikati ya kusahihisha madaftari, mwanafunzi kaandika "usije ukaanguka" nikaweka tiki, mkono ukasimama. Kumbe huenda Baba hakuwa amemaliza. Usije uka... Ukapotea? Ukaniona? Mimi ndiye ninayefundisha sarufi hiyo na sikungoja hata sekunde moja, nikabonyeza kitufe.

Jumapili Mama akanitumia video. Baba kakaa mbele ya feni ya mezani, kidevu karibu kiguse waya zake, sauti inakatika-katika vipande kama ya Daleki halisi: "MA-LI-ZA U-JI! MA-LI-ZA U-JI!" Na mwanangu Kadogo, ambaye kijiko cha uji ni vita vyetu vya kila asubuhi, anakimbia kuzunguka baraza na kikombe, anapiga kelele za raha, anakunywa, anakimbia tena. Nimeitazama mara tisa. Mara ya nne nililia kidogo, zilizobaki nilicheka tu.

Nikampigia. "Baba, Ijumaa ulitaka kusema nini?"

"Ijumaa ipi?"

"Ile ya mashine."

Kimya. Feni inasikika. "Yule kijana Alex, babu atamchukua au hamchukui?"

Nikasema hadithi inaendelea. Kuna michezo miwili ya 2011, Madaleki wanarudi, na najua kinachompata Alex mle. Sijaamua kama nitamwekea.

"Uje nayo Ijumaa," akasema. "Na usije ukasahau chaja."

Nitakwenda. Ila video ile, mara ya tisa, niliona kitu nyuma ya Kadogo: mfenesi umeinama kuliko mwezi uliopita, una mafenesi kama saba upande mmoja, yote yananing'inia juu ya mabati ya jirani, na mvua za mwezi huu hazijaanza hata.