Eti zote ni wimbo mmoja

"Hizi zote si ni wimbo mmoja tu?"

Kaka aliuliza hivyo Jumamosi tukitoka mazishi ya mjomba, tumeshapita Burnt Forest, simu ya muziki iko mkononi mwangu, nawawekea country rock ya Marekani, yaani country iliyochanganywa na rock. Hakuwa na ubaya wowote. Kabla sijamjibu, shemeji akataka tusimame Timboroa kununua viazi, na yakaishia hapo. Lakini kwangu hayajaisha. Ofisini tumehamishwa ghorofa, mkuu mpya ameripoti, na mimi bado niko kwenye kiti cha nyuma namjibu kaka.

Ningemwambia: wimbo mmoja kivipi? Mnajua sisi tulilelewa na Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams, basi. Ndipo nikataka kujua Don alikuwa wapi kabla ya sifa zake, nikamkuta miaka ya 1960 na Pozo-Seco Singers, kikundi cha folk, nyimbo za kiasili za gitaa, cha Texas. Kenny naye alipitia New Christy Minstrels, kikundi kingine cha folk, ambako Gene Clark alikuwa ameshaimba kabla yake, na Gene huyo ni mmoja wa walioanzisha kikundi cha rock, The Byrds. Nikamfuata huko.

Byrds wa 1965 ni gitaa la nyuzi 12 la Roger McGuinn, kila noti inameremeta. Byrds wa 1968, alipoingia mwimbaji Gram Parsons, ni country tupu. Mtu asiyeambiwa angeapa ni vikundi viwili. (Gram aliwaacha mwaka huohuo walipokuwa wakienda kupiga Afrika Kusini, sababu aliyoitoa ni ubaguzi wa rangi. Nilipolisoma hilo nilimpenda zaidi.)

Na lile gitaa linalolia, pedal steel, kaka! Linalazwa kama meza, mpigaji ameketi, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku miguu ikikanyaga pedali. Sneaky Pete Kleinow wa kikundi cha Flying Burrito Brothers alilifanya likwaruze. Rusty Young wa kikundi cha Poco alilipitisha kwenye spika inayozunguka, likatoa sauti ya kinanda cha kanisani. Chombo ni kilekile, lakini sauti hizo hazikutani popote.

Nimeyarudia haya nikioga, nikipanga foleni benki, hata nikiwa kwenye mkutano wa mkuu mpya.

Jana usiku nikachukua daftari nichore nani alitoka wapi, nipate ushahidi kamili. Bernie Leadon alitoka Burrito Brothers akaenda kikundi cha Eagles. Randy Meisner alitoka Poco, naye akaishia Eagles. Aliyechukua nafasi yake Poco ni Timothy B. Schmit, na Meisner alipoondoka Eagles mwaka 1977, aliyeitwa kuziba pengo ni Schmit yuleyule! Poco wenyewe walitokana na Buffalo Springfield, kikundi cha Stephen Stills na Neil Young, na Stills akaja kuungana na David Crosby aliyetoka The Byrds. Mistari ikajaa ukurasa mpaka nikashindwa kuisoma, na nikajikuta natabasamu peke yangu sebuleni.

Kumbe kaka alisikia kitu. Huyu ndiye aliyekuwa akiijua injini ya gari la Baba kabla halijakata kona, sisi wengine hatujasikia lolote. Hajasoma jina hata moja, na ndani ya saa moja barabarani amewatambua watu walewale wakipokezana sauti. Sasa natamani aniambie ilikuwa wimbo gani alipoanza kuhisi hivyo. Akija nitamwekea Gram akiimba na Emmylou Harris, albamu ya 1973, mwaka uleule Gram aliofariki akiwa na miaka 26, kisha ninyamaze nimsikilize yeye.

Mama amepiga simu asubuhi hii. Viwavijeshi wameonekana kwenye mahindi ya jirani, na yetu yamefika magotini tu. Anauliza tupulizie dawa leo au tungoje mvua ya wikendi, na mtu wa kupulizia anataka pesa mkononi kabla ya saa sita.