Kwa nini nilichagua nusu-otomatiki kwa kulungu wa Maine

Watu wakijua kwamba nawinda na bunduki ya nusu-otomatiki, swali la kwanza huwa lilelile: inabeba risasi ngapi? Nne kwenye magazini, yaani kisanduku cha risasi, na moja kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Basi. Hapa Maine, jimbo la Marekani, sheria hairuhusu kuwinda na bunduki inayojipakia yenyewe ikiwa magazini yake inachukua zaidi ya risasi tano, ukiacha zile ndogo za .22 (namba za aina hii zinataja aina na unene wa risasi). Hata wangeruhusu ishirini, mimi sina kazi nazo. Nilichagua aina hii kwa sababu ya bega langu, na kwa sababu natumia mkono wa kushoto. Naandika kwa ajili ya dada na kaka zangu wa Lewiston na Portland ambao wameanza kuniuliza wanunue nini.

Kwanza tuelewane. Nusu-otomatiki si rashasha. Ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, na haitoki nyingine mpaka uachie na kuvuta tena. Kinachojifanya chenyewe ni kupakia: gesi kidogo ya baruti inapita kwenye kitundu cha mtutu na kusukuma pistoni, pistoni inarudisha nyuma bolti, kile chuma kinachoifunga chemba, ganda linarushwa nje, kisha springi inairudisha bolti mbele ikiwa imechukua risasi mpya. Sisi tuliokulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, ambao wazazi wetu walivuka ziwa kutoka Kongo wakiikimbia milio ya risasi, tukisikia neno bunduki akili inakwenda kwa askari. Ndiyo maana nalisema hili mapema.

Sasa bega. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, yaani kuinua na kugeuza watu wazima usiku kucha, na bega la kushoto limechoka zamani. Jirani yangu, mzee wa hapahapa Maine aliyenifundisha msitu, aliniazima bunduki yake ya bolti, ile unayoipakia kwa kuvuta mpini kwa mkono, ya .30-06. Ni bunduki sahihi sana, lakini teke lake, yaani inavyolirudi bega ikifyatuka, si la bega langu. Mtu anayeogopa teke hufumba macho sekunde ile anapovuta kifyatulio, mkono unashuka, na risasi inamjeruhi mnyama badala ya kumuua. Kwangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika uwindaji. Bunduki ya gesi hutumia sehemu ya nguvu ile kuendesha mtambo wake na kuitawanya kwa muda mrefu kidogo, kwa hiyo bega linasukumwa, halipigwi ngumi. Tofauti niliisikia tangu risasi ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha.

Na mkono wa kushoto: bunduki nyingi za bolti zina mpini upande wa kulia. Wa kushoto akishafyatua inabidi aachie mshiko, apeleke mkono juu ya darubini, avute, asukume, arudi kulenga. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili yetu, ila kwenye maduka ya vitu vilivyotumika ni nadra kuzikuta. Kwa nusu-otomatiki tatizo hilo halipo, kwa sababu mkono haubanduki. Angalia tu ganda linarukia wapi. Hutoka upande wa kulia na kupita mbele ya uso wetu, kwa hiyo miwani ni lazima.

Nilizishika nyingi kabla ya kuamua. Za muundo wa AR, zile zenye umbo kama la bunduki za jeshi, zina sifa yake: kitako kinarefushwa na kufupishwa, jambo linalomfaa mwenye mikono mifupi kama mimi. Lakini .223 inayokuja na nyingi kati ya hizo, ingawa hapa inaruhusiwa kwa kulungu, naiona ndogo kwa madume wa msitu huu, ambao wengine huzidi kilo 90 hata baada ya kutolewa matumbo. Zenye .308 zinafaa kwa nguvu. Kwa moyo wangu hazikufaa, na nitaeleza. Niliipenda Benelli R1 ya Italia, nyepesi na laini, ila bei yake ilinirudisha nyuma. Kuna za Kimarekani za miaka ya sitini na sabini zinazouzwa kwa bei ya chini sana. Ukikutana nazo, fungua bolti, ingiza taa, utazame njia za chuma ambamo bolti inateleza. Zikiwa zimeliwa na kuchimbika, rudisha na uage kwa heshima. Chuma hicho hakirekebishiki kirahisi.

Nikaishia kwa Browning BAR ya .308, iliyotumika. Hii isichanganywe na BAR ya jeshi la Marekani ya mwaka 1918. Hii ya wawindaji ilianza kuuzwa 1967, na nyingi zina maandishi kwenye mtutu kwamba zimetengenezwa Ubelgiji na kuunganishwa Ureno. Kilichonivutia ni magazini. Imeshikizwa kwenye kifuniko chenye bawaba chini ya bunduki. Unabonyeza, kifuniko kinafunguka na magazini inaning'inia hapo hapo, bila kudondoka kwenye theluji. Ukitaka unaichomoa. Hapa bunduki ndefu yenye risasi hairuhusiwi ndani ya gari, na magazini yenye risasi ikiwa imechomekwa inahesabiwa kuwa bunduki ina risasi. Kwa hiyo chemba inakuwa tupu, magazini mfukoni, ndipo unafungua mlango wa gari.

Kuhusu .308, sina maneno mengi. Ipo tangu 1952, inapatikana kila duka, na msitu wa Maine ni mzito kiasi kwamba mara nyingi humwoni kulungu akiwa mbali ya mita mia. Natumia kichwa cha greni 150, yaani karibu gramu 10.

Sasa lile la moyo. Tarehe 25 Oktoba 2023, hapa Lewiston, mtu mmoja aliua watu 18 kwenye ukumbi wa mchezo wa bolingi na kwenye baa, na bunduki aliyoitumia ilikuwa nusu-otomatiki. Tulifungiwa ndani mpaka Ijumaa. Uwindaji ulisimamishwa Lewiston, Lisbon, Bowdoin na Monmouth, na ulifunguliwa usiku wa kuamkia siku ya wakazi wa Maine peke yao, Jumamosi ya kwanza ya msimu, baada ya mwili wa muuaji kupatikana. Siwezi kuandika kuhusu aina hii ya bunduki katika mji huu nikaruka jambo hilo. Wapo majirani waliopoteza watu wao. Sitaki wanione nikitoa kwenye gari kitu chenye umbo linalowarudisha usiku ule, ingawa najua kwamba mtambo wa ndani wa bunduki yangu yenye kitako cha mbao unafanya kazi ileile. Ni heshima kwao, na kwangu inatosha kuwa sababu.

Niliinunua vuli ya 2024, wakati sheria mpya ya kusubiri saa 72 ilikuwa imeshaanza Agosti. Unajaza fomu, FBI wanaangalia rekodi yako, unalipa, unarudi nyumbani mikono mitupu, halafu unasubiri. Sikuona shida yoyote. Sheria hiyo baadaye ilipelekwa mahakamani, kwa hiyo uliza dukani hali ikoje siku unayokwenda. Wengi wetu hatujui pia kwamba aliyeingia kama mkimbizi, au mwenye kadi ya kijani, anaweza kununua kihalali akiwa na rekodi safi na hati zake za uhamiaji na za makazi. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, ila kuna msamaha, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Usibahatishe hapo, pata ushauri wa wakili kwanza. Na mkiwa majimbo mengine, msinakili ya kwangu. Shemeji yangu yuko Erie, na Pennsylvania hairuhusu bunduki kama hii yangu kwa kulungu. Waliziruhusu mwaka 2017 kwa wanyama wadogo na wale wa manyoya tu. Yeye anawinda na ya bolti, na anapata.

Baba hakufurahi. Aliniambia, "Mwanangu, sisi tuliikimbia, wewe unaitafuta kwa pesa yako?" Yeye ujanani aliwinda kwa nyavu na mbwa kwenye milima ya Fizi kule Kongo, na uwindaji wenyewe anaujua kuliko mimi. Sikubishana naye. Nilimletea ikiwa wazi, bolti nyuma, nikamwonyesha chemba tupu. Akaishika muda mrefu. Akauliza risasi zinakaa wapi. Nikamwambia kwenye kisanduku chenye kufuli, chumba kingine, na funguo ninazo mimi. "Na watoto?" Nikamweleza kabati la chuma. Akanirudishia bila neno jingine, na mwezi wa kumi na moja ndiye aliyeniuliza leseni nimeshakata au bado.

Msituni bunduki hii ina tabia mbili lazima uzijue. Ya kwanza ni kelele. Bolti yake huwezi kuifunga taratibu kwa mkono ili kulungu asisikie; ukiibembeleza haifungi hadi mwisho, na bunduki haitafyatuka. Inabidi uiachie ijipige mbele, na alfajiri ya baridi kali sauti hiyo inasafiri. Basi pakia mapema, ukishateremka tu kwenye gari saa halali ya kuwinda ikiwa imefika, kisha tembea na kizuizi cha usalama kikiwa kimewekwa. Ya pili ndiyo kubwa. Ukishafyatua, risasi nyingine imeshaingia na bunduki iko tayari. Mwenye bolti lazima afanye kitu ndipo ipakie. Wewe hujafanya chochote. Moyo unadunda, mnyama ameruka, unataka kukimbia kumfuata. Kabla mguu haujanyanyuka, kidole kiende kwenye kizuizi.

Ndivyo nilivyofanya kwa dume wangu, pembeni mwa miti ya tufaha iliyoachwa na shamba la zamani kule kaunti ya Oxford. Alikuwa umbali wa mita sitini hivi, ubavu kwangu. Nililenga nyuma ya bega, nikafyatua mara moja, nikafunga kizuizi, nikakaa chini kumpa muda. Damu ilikuwa angavu yenye mapovu, alama ya mapafu, na hakwenda mbali. Risasi ya pili sikuihitaji. Ipo kwa ajili ya kummaliza haraka mnyama aliyejeruhiwa, asiteseke, na kwa hilo nashukuru kwamba mkono wangu haubanduki. Asiipange mtu kama mpango wake wa kwanza.

Mnyama anaandikishwa ndani ya saa 18. Na kwa sisi tunaopenda maini: watu wa afya wa Maine wanashauri tusile maini na figo za kulungu kwa sababu ya kadimiamu, metali yenye sumu, na kwa eneo la Fairfield walitoa tahadhari mwaka 2021 ya kutokula kulungu kabisa kwa sababu ya PFAS, kemikali za viwandani zisizooza. Mama alisikitika kuhusu maini, lakini nyama ya mguu aliipika kwa nyanya na ndimu mpaka majirani wakabisha hodi.

Mwenye nia asinunue kwa picha za kwenye simu. Mwezi wa tisa huwa naenda uwanja wa shabaha kurekebisha darubini kabla ya msimu. Anayetaka kuijaribu begani mwake, wa kushoto au wa kulia, aniandikie. Aje na miwani na vizuia masikio, na awe ameshajiandikisha darasa la usalama wa wawindaji, maana bila cheti hicho mtu mzima anayeanza hapati leseni.