Mdomo wa shoka la barafu

Anayekwea maporomoko ya maji yaliyoganda hushika mashoka mawili mafupi, kila moja likiwa na mpini wa sentimita 50 hivi, na wanunuzi wapya aghalabu huulizia uzito kwanza. Mimi huanza na mdomo, yaani kile chuma chembamba chenye meno kinachozama kwenye barafu, na hutaka kujua kama kitachomoka bila kunimaliza nguvu, kwa kuwa kupigilia ni kazi nyepesi kuliko kung'oa.

Midomo ya zamani iliyonyooka ilifaa kuchonga vidato kwenye mteremko, lakini ilichomoka mtu alipoining'inia. Mwaka 1966 mkweaji wa Marekani Yvon Chouinard alikishawishi kiwanda cha Charlet cha Ufaransa kimtengenezee shoka la sentimita 55 ambalo mdomo wake ulipinda kufuata mzunguko wa mkono. Mkweaji Hamish MacInnes wa Scotland akaja na Terrordactyl, shoka lenye mdomo ulionyooka ila umeinamishwa sana. Ilishika barafu barabara, na ilijulikana pia kwa kuponda vidole vya mwenye nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaenea mdomo unaoshuka kisha ukainua ncha yake kama ndizi, ambao huzama vizuri na kutoka bila ugomvi. Mashoka ya leo bado yanaufuata. (Chouinard huyohuyo, pamoja na Mike Covington, alikwea barafu ya Diamond Couloir kwenye Mlima Kenya mwaka 1975, miaka miwili baada ya Phil Snyder na Thumbi Mathenge kuifungua njia hiyo, sasa sehemu kubwa ya barafu ile imeyeyuka.)

Shoka likikwama, usilitikise kushoto na kulia, maana chuma cha milimita tatu au nne huweza kukatika. Inua na ushushe mpini katika mstari uleule wa mdomo hadi lilegee. Ncha iliyogonga mwamba hunolewa kwa tupa, taratibu, kwani mashine ya kunolea hukipasha chuma moto hadi kikapoteza ugumu wake. Kuhusu tezo, yaani bapa pana lenye makali lililo nyuma ya kichwa cha shoka, mimi huiondoa kwenye ukuta wima: shoka likifyatuka ghafla wakati umelivuta kwa uzito wote, hurudi moja kwa moja usoni.