Pengo la Bakari

Usenge, Agosti. Usiku usio na mwezi.

Nimekuwa kwa mjomba tangu Jumatano, shule zimefungwa, na leo ndiyo mara ya kwanza tumepata giza kamili. Wavuvi wa omena huusubiri usiku kama huu. Mwezi ukiwaka, taa zao hazina nguvu juu ya maji. Baada ya kula nilibeba kiti hadi nyuma ya boma, ardhi inapoinuka kidogo, nikakaa kulitazama Ziwa Victoria.

Mashua zilikwisha kutoka. Enzi za mjomba zilikuwa karabai. Sasa ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua, nyeupe na kali. Nilichokiona kilinifanya nisimame. Upande mmoja, rundo la taa zilizobanana kama soko. Kutoka kwenye rundo hilo, mstari mwembamba wa taa mojamoja ukielekea kusini hadi kwenye rundo lingine. Na kandokando ya mstari huo, mapana ya maji meusi yasiyo na hata cheche moja.

Picha hii naijua. Nimeichora mara nyingi kwa chaki mbele ya wanafunzi wa klabu ya sayansi, nikiwaambia: hivi ndivyo ulimwengu mzima ulivyojipanga. Sikuwahi kufikiri kwamba ningeikuta huku nyumbani.

Ramani ya kwanza iliyonivutia nilipokuwa chuoni ni ile ya mwaka 1986, ya wanafalaki Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra. Walichagua kipande chembamba cha anga chenye galaksi zipatazo 1,100, kila moja ikiwa kundi la mabilioni ya nyota, wakapima mwanga wa kila moja umesogea kiasi gani kuelekea wekundu. Kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo unavyosogea zaidi. Walipoweka nukta kwenye karatasi, galaksi hazikutawanyika kama mchanga uliomwagwa. Zilijipanga kwenye ngozi za mapovu, kama povu la sabuni kwenye beseni la kufulia, na ndani ya kila povu karibu hamna kitu. Mwaka 1989 Geller na Huchra wakatangaza ukuta wa galaksi wenye urefu wa takriban miaka nuru milioni 500, mwaka nuru ukiwa umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Mwanga ulioondoka upande mmoja wa ukuta huo wakati nchi kavu karibu haina mnyama ungekuwa ndio kwanza unafika upande wa pili.

Lakini leo sikuwa nawaza kuta. Nilikuwa nawaza mapengo.

Upande wa kaskazini-magharibi, juu ya maji, kundinyota la Bakari lilikuwa linateremka, na nyota yake ya rangi ya chungwa, Arcturus, iking'aa kuliko zote za upande ule. Nyuma ya nyota za Bakari, mbali mno, kuna pengo lililogunduliwa mwaka 1981 na mwanafalaki Robert Kirshner na wenzake. Upana wake ni takriban miaka nuru milioni 330. Eneo la ukubwa huo lingepaswa kuwa na galaksi maelfu. Hadi miaka ya 1990 zilikuwa zimehesabiwa kama 60 tu. Mwanafalaki Greg Aldering aliwahi kusema kwamba kama galaksi yetu ingekuwa katikati ya pengo hilo, tusingejua kuna galaksi nyingine hadi miaka ya 1960. Jambo hili hunishika koo kila nikilikumbuka. Mtu angezaliwa, akasoma, akazeeka, akiamini yuko peke yake, kwa sababu tu ya mahali alipozaliwa.

Mjomba alikuja na kiti chake. Nikamweleza, naye akasikiliza kwa utulivu wake, halafu akaonyesha maji meusi kwa fimbo.

"Mama, pale unapoona giza usidhani hakuna kitu. Maji yapo. Samaki wapo. Ni taa tu ambazo hazipo."

Nilitaka kumkumbatia. Amesema kitu ambacho vitabu vyangu hukisema kwa kurasa nyingi. Ramani za galaksi ni ramani za taa. Sehemu kubwa ya maada ya ulimwengu haitoi mwanga wowote. Mwaka 1933 mwanafalaki Fritz Zwicky alilipima kundi la galaksi la Coma akaona galaksi zake zinakimbia kasi mno, na kwamba lazima kuna uzito usioonekana unaozishika pamoja. Tofauti na ziwa ni hii: hapa taa ndizo huwavuta omena, kule juu ni kile kisichoonekana ndicho kilichozivuta taa.

Hata kati ya galaksi zilizobanana kuna kitu macho hayakioni: gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Setilaiti iliyotufunulia gesi hiyo kwenye makundi kama Coma ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu. Ndiyo maana iliitwa Uhuru. Naona kila mtoto wa Kenya angepaswa kulijua hili kabla ya kumaliza shule ya msingi.

Mjomba aliuliza mapengo yalitoka wapi. Nikamwambia hapo mwanzo, karibu miaka bilioni 13.8 iliyopita, kila mahali palilingana, karibu kabisa. Tofauti ilikuwa kama sehemu moja katika 100,000. Palipozidi kidogo palivuta zaidi, pakapata, pakazidi kuvuta. Mwenye nacho akaongezewa. Palipopungua kidogo vitu viliondoka polepole kuelekea kwenye kuta, na kutoka kwenye kuta kuelekea kwenye makutano yake, ambako makundi makubwa yamekaa.

"Kwa hiyo pengo ni mahali palipohamwa," akasema.

Ndiyo, mjomba.

Tukanyamaza. Boma hili lina nyumba nne, na usiku wa leo ni moja tu yenye taa. Binamu zangu wako Kisumu, Nakuru, mmoja Nairobi. Mke wa mjomba tulimzika Machi, na mazishini kila aliyeshika kipaza sauti alisema ameacha pengo. Nilikuwa nalisikia neno lile kama la kawaida tu.

Baadaye aliuliza sisi wenyewe tuko wapi kwenye ramani. Nikachora mchangani kwa fimbo yake: eneo kubwa ambalo mwanafalaki Brent Tully na wenzake waliliita Laniakea mwaka 2014, lenye galaksi kama 100,000, na sisi mbali na kitovu chake, ubavuni mwa pengo la jirani. Pengo kwa mkono mmoja, ukuta kwa mkono mwingine.

"Ufukweni," akasema.

Akabaki ameutazama mchoro, halafu akaniomba nimwonyeshe tena ni ipi kati ya nyota zile ni Bakari. Ilikuwa imekaribia maji, ikitaka kuchanganyika na taa za mashua. Nikamshika mkono nikamwelekeza.