Kazimoto, mimi, na mdogo wangu wa Kiwira

Jumapili ya juzi kulikuwa na ile baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, ile ambayo hata maji ya kunawa uso yanauma, umeme umekatika, sina pa kwenda, basi nikavuta begi la chini ya kitanda kutafuta soksi nzito nikakutana na Kichwamaji. Kopi yangu ile ile ya fomu siksi. Jalada la nyuma halipo, karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, na pembeni mwa kurasa kuna mwandiko wangu wa peni nyekundu, "KWELI KABISA!!", mara nyingine "mimi huyu!!", yaani nilicheka peke yangu kama chizi. Nikasema ngoja nisome kurasa mbili tatu. Nilimaliza saa nane usiku kwa tochi ya simu, blanketi kichwani.

Kwa ambao hamjakisoma: ni cha Kezilahabi, yule wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020, kilitoka 1974, miaka mitatu baada ya Rosa Mistika. Anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe, msomi wa chuo kikuu anarudi kwao likizo. Manase, mwenzake wa zamani, sasa ni Mkuu wa Wilaya, na huyo Manase ndo kampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia anakufa. Kazimoto anawaza kisasi, anamtazama Sabina, dada yake Manase, kwamba huyu ndo wa kumlipizia, halafu anaishia kumwoa. Mwisho siusemi, ila usikisome ukiwa umeachika.

Walimu wanakiita riwaya ya udhanaishi, ile falsafa ya kuhoji maana ya kuishi. Mi nasema tu ni kitabu ambacho mtu anawaza kuliko anavyotenda. Kama Mungu yupo, kama kuishi kuna maana, kama msomi ana kwao tena akishasoma. Na kuna sehemu inachosha jamani, lazima niseme, kuna maongezi mle yanakwenda kama hiace inayosubiri abiria wajae pale Kabwe, unaangalia saa unaangalia kondakta. Ila nilipokuwa na miaka kumi na tisa sikuchoka hata ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Kazimoto ni mimi. Tulikuwa vijana watatu bwenini tunatembea mikono mfukoni, hatucheki ovyo, tunajibu watu kwa mafumbo, mwenzetu mmoja aliacha kwenda kanisani wiki mbili nzima kisha mama yake akaja kumtembelea akarudi mbio.

Sasa kilichonishtua juzi ni hiki. Nilifungua kurasa za Rukia kuangalia nilimwandikia nini pembeni. Hamna. Hakuna hata nukta ya peni nyekundu. Kazimoto akiwaza kifo, wekundu mtupu, Kazimoto akiwaza ndoa, nimepiga mstari mpaka karatasi imechanika, ila dada mtu anaangamia pale na mimi nimepita tu kama napita stendi nisiyoshuka.

Na hapo nikaacha kusoma, nikakaa.

Mwaka 2009 mi nilikuwa Dar, mwaka wa kwanza chuo. Simu ikapigwa kutoka nyumbani Kiwira, mama anaongea kwa sauti ya chini, "Baba, mdogo wako ameharibikiwa." Alikuwa fomu tuu. Kesho yake alfajiri niko Ubungo, nikapanda basi, kilomita mia nane na kitu, na njia nzima, Mikumi, Kitonga, Mafinga, Makambako, kazi yangu ilikuwa moja tu, kupanga nitamfanya nini huyo mwanaume. Nilipanga vizuri sana. Nilikuwa na maneno mpaka ya kumwambia, mengine nadhani niliyatoa kwenye hicho hicho kitabu.

Nikafika usiku. Mdogo wangu yuko jikoni nyuma, amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi mbichi, vidole vyeusi kwa utomvu, kibatari kiko chini. Akasema shikamoo kaka. Nikasema marahaba. Nikapita. Nikaingia ndani kwa mzee nikauliza, nani?

Siku tatu nilimtafuta yule jamaa. Alikuwa utingo wa malori, wakasema yuko Tunduma, nikaenda Tunduma, wakasema kavuka kwenda Zambia, nikarudi. Halafu nikapanda basi kwenda kuendelea na masomo. Shuleni mdogo wangu alishaondolewa, ndo ulikuwa utaratibu, mwanafunzi akipata mimba ndo basi, mpaka Novemba 2021 serikali ilipokuja kutangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi madarasani baada ya kujifungua. Nakumbuka siku ile ya tangazo nilimpigia kwa furaha kabisa nikamwambia umesikia? Mwanaye wa kike alishafika miaka kumi na moja. Akasema "haya kaka", nikamsikia anaendelea kupanga mafungu ya ndizi huku simu iko begani.

Ile stori ya Tunduma nimewasimulia watu wengi. Chuo, kazini, hata mke wangu kabla hatujaoana. Kila nikisimulia ni stori ya kaka mwenye uchungu. Na ni kweli nilikuwa na uchungu, sidanganyi. Ila juzi usiku ndo nikaona kwamba Rukia tunayempata kwenye kitabu kizima ni Rukia wa kaka yake, maana anayesimulia ni kaka, ukitaka kujua Rukia anaumwa wapi lazima umuulize Kazimoto, na Kazimoto ana mambo yake mengi kichwani. Wapo watakaosema Kezilahabi hakumjali mwanamke. Mi siamini. Mtu aliyemwita msimulizi wake kichwa maji alijua anachofanya. Mjinga ni mimi niliyechukua jina hilo nikaona ni sifa.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Kiwira, kitabu kwenye mfuko wa koti. Baada ya Isyonje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, dereva kawasha taa saa nne asubuhi. Nikamkuta mdogo wangu kwenye biashara yake ya ndizi, kajifunga khanga mbili na sweta, anagombana na mnunuzi aliyetaka mkungu mzima kwa bei ya nusu. Nikasubiri amalize. Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikamuuliza hivi, mwaka ule nilivyokuja kutoka Dar, ulitaka nikufanyie nini?

Akanitazama. "Kaka, unaumwa?"

Nikasema siumwi, nauliza tu.

Akahudumia watu wawili, akarudisha chenji, nikajua ameshapotezea. Kisha bila kuniangalia akasema, "Ulikuja na mkate. Ule mrefu wa Dar. Ukampa mama." Nikasema sikumbuki mkate. "Ulikuja nao. Siku zile ndizi zilikuwa hazipiti, nikiinusa tu natapika, na kwetu kulikuwa na ndizi tu. Nikauona ule mkate kwenye mfuko. Nikasema kaka akikaa atanikatia."

Sikuwa na la kusema jamani. Miaka yote hiyo nabeba Tunduma, kumbe mwenzangu anabeba mkate.

Akacheka yeye, nadhani kwa kunionea huruma, akaniuliza hicho mfukoni nini. Nikatoa. Nikaanza kumweleza, Kazimoto ni nani, Manase ni nani, nikafika kwa Rukia nikaanza kupapasa maneno, akanikatiza, "Huyo Rukia yeye anasemaje?" Nikafungua kurasa nitafute mahali nimsomee, nafunua huku upepo unafunua kule, mteja kaja anauliza mzuzu, akaninyang'anya kitabu akakisukumia kwenye sanduku la hela. "Kiache. Nitasoma mwenyewe, wewe utaruka ruka."

Nikaondoka na mkungu wa matoke ambao alinitoza bei kamili, hakupunguza hata mia.

Jana usiku kanitumia meseji. Amesoma kurasa arobaini, anasoma wakiwa wamelala. Hakusema kizuri wala kibaya. Kaandika: "Kaka huyu Kazimoto anaongea sana. Hivi dada ake kala?"